Ripoti ya hospitali yetu isomwe hapa hapa mtaani

Kila mwaka serikali yaandika ripoti kuhusu hospitali zetu na sisi tunaotibiwa huko hatuzisomi. Si ati zimefichwa, ziko kwenye mtandao wa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mtu yeyote mwenye simu na bando azifungua, lakini ziko kwa Kizungu cha wahasibu, zingine kurasa mamia, na sijaona hata siku moja mtu amesimama kwenye baraza la chifu hapa Likoni, Mombasa, akasema jamani ripoti ya hospitali yenu imetoka, kaeni niwasomee. Hilo ndilo linaloniuma. Nshachoka kusikia watu kwenye feri wakilalamika dawa hakuna, nesi hakuna, mashine imeharibika, halafu ukiuliza kwani pesa ilienda wapi wajibiwa "aah hayo ni mambo yao wakubwa." Si yao. Yameandikwa, na yameandikwa kwa pesa yetu.

Mimi kazi yangu ni mahesabu, niko ofisi moja ya kliaringi huko town, na odita akija huwa mimi ndo namtolea mafaili, namjibu maswali, naketi naye mpaka amalize. Kwa hivyo lugha yao siiogopi. Odita akiandika kwamba nyaraka za kuthibitisha malipo hazikuletwa, najua hapo kuna mtu aliulizwa risiti iko wapi akawa hana, ama alikuwa nayo na hakutaka ionekane. Ukishajua kusoma hivyo ripoti haiwi kavu tena.

Sheria kidogo, sitakaa sana hapo. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 229 yasema mwaka wa fedha ukiisha, yaani tarehe 30 Juni, Mkaguzi Mkuu ana miezi sita awe ashakagua na kutoa ripoti, na ripoti hiyo lazima iseme kama pesa ya umma ilitumika kisheria na kama ilileta faida iliyokusudiwa. Haya mambo mawili ni tofauti, manake waweza kununua kitu kwa risiti zote na kisimsaidie mtu. Kisha bunge, au bunge la kaunti, lapewa miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Miezi mitatu, imeandikwa wazi kabisa. Sasa hivi mkaguzi ni Nancy Gathungu, ameingia ofisini mwaka 2020. Na tangu ugatuzi wa 2013 hospitali karibu zote tunazotumia sisi ni za kaunti, kuanzia zahanati ndogo mpaka Makadara yenyewe, ile hospitali kuu ya rufaa ya Pwani, kwa hivyo hesabu zake zapita kwa bunge la kaunti na kwa ile kamati ya Seneti inayowaita magavana kuwahoji. Ile ya kwenye TV unaona gavana ameketi na mafaili mbele yake, maseneta wamuuliza, yeye asema atawasilisha nyaraka baadaye. Ndo hiyo.

Zamani hospitali ilikuwa imefichika ndani ya hesabu za kaunti nzima, huwezi kujua ya Tudor ni ipi na ya Port Reitz ni ipi. Siku hizi hospitali za levo 4 na levo 5, yaani zile kubwa za kaunti, zakaguliwa moja moja, kila moja na ripoti yake, na kuna sheria ya 2023 inayoziruhusu zibaki na pesa zinazokusanya kwa wagonjwa badala ya zote kupelekwa kwenye mfuko wa kaunti alafu hospitali ianze kuomba omba. Hiyo ni hatua kubwa. Maana yake ukitaka kujua ya hospitali unayokwenda wewe na mamako, yako pekee, haijachanganywa na barabara na masoko.

Na ndani ya hizo ripoti kuna jedwali moja ambalo natamani kila mtu wa Mombasa alione. Odita huchukua muongozo wa wizara wa ubora wa huduma, unaosema hospitali ya levo 4 yatakiwa iwe na nini, alafu pembeni aandika alichokikuta. Muongozo wataka madaktari 16. Manesi waliosajiliwa 75. Madaktari wa nusukaputi wawili, wa upasuaji wawili, wa kina mama wawili, wa watoto wawili. Vitanda 150, inkubeta 5 za watoto njiti, vitanda 6 vya ICU vinavyofanya kazi, thieta mbili, mashine za kusafisha figo zisipungue 5. Hiyo ni safu ya kwanza. Safu ya pili ni waliopo. Safu ya tatu ni pengo. Na kwenye hospitali moja ya hapa hapa kwetu, jina lake naliacha, kuna mistari kadhaa safu ya pili imeandikwa sufuri.

Nilimpelekea mamkubwa jirani yangu. Yeye alikuwa nesi, wodi ya uzazi, mpaka akastaafu, na mtaa mzima hapa watoto wamepitia mikononi mwake. Nilimkuta barazani achambua mchele, akaifuta mikono kwenye leso, akavaa miwani, akaishika simu mbali kidogo ndo aone vizuri. Nikamtafsiria mstari kwa mstari. Tulipofika kwa manesi akasema hebu rudisha juu. Akaitazama ile sabini na tano. "Mwanangu, mimi usiku nilikuwa peke yangu na mwanafunzi. Kina mama wanane, tisa, mimi na mwanafunzi." Akanyamaza kidogo alafu akaniuliza, "Kumbe ilikuwa imeandikwa mahali tuwe wengi hivi?" Nikamwambia ndio mamkubwa, yote yameandikwa. Akasema, "Na sisi twatukanwa na wagonjwa kila siku, twaitwa wavivu, na sisi twawajibu vibaya. Wallahi tungekuwa na hii karatasi tungeibandika pale mlangoni."

Hapo ndo nikaelewa kwa nini hili jambo lanikera hivi. Ripoti isiposomwa sisi twagombana wenyewe kwa wenyewe. Mgonjwa amefika saa kumi na mbili asubuhi, mpaka saa sita hajaonwa, amkasirikia nesi, nesi ambaye hajala tangu jana amkaripia mgonjwa, mwenye mtoto anayehara apiga meza, mlinzi aitwa. Na mtu aliyeamua kwamba wodi hiyo iwe na nesi mmoja hayuko hapo, yuko ofisini kwenye AC, na hakuna mtu kwenye foleni ile ajuaye jina la ofisi yake. Ile karatasi ikibandikwa mlangoni angalau hasira zingejua pa kwenda. Mama angeona aha, walitakiwa sabini na tano, angemuuliza mwakilishi wadi badala ya kumtukana sista.

Sasa nisiwafanye odita malaika, nao kazi yao ina pengo. Wao wahesabu vitu. Wahesabu vitanda, wafanyikazi, mikataba, madeni, wala hawaketi kwenye benchi waone mtu angoja saa ngapi. Ripoti itakwambia dawa za milioni kadhaa zilinunuliwa, haitakwambia kwamba mama mjamzito aliandikiwa karatasi akanunue glavu na pamba duka la dawa ng'ambo ya barabara. Haitakwambia kijana mwenye kifafa ambaye dawa yake ikikosekana wiki mbili aanguka kazini apoteza kibarua. Hao watu hawaulizwi. Na si vigumu kuwauliza, kuna wahudumu wa afya wa jamii, wale wenye mikoba waliozinduliwa mwezi wa tisa 2023, laki moja nchi nzima, wapita nyumba kwa nyumba, wajua nani mgonjwa na nani hakupata dawa. Odita akiketi nao asubuhi moja tu hapa Mtongwe angeandika ukurasa ambao hakuna faili lingempa. Mimi naona huo ukurasa ndo uwe wa kwanza kwenye ripoti, kabla ya mahesabu yenyewe.

Lakini hata hizo za mahesabu, zikisomwa mapema zaokoa. Nawapa mfano wa karibu na nyumbani. Mwaka 2016 ukaguzi wa ndani wa wizara ya afya, wa wizara yenyewe, sio wa adui, ulivuja na ukazungumzia karibu bilioni tano. Ndani yake mulikuwa na kliniki za kontena, mia moja, bei yake shilingi bilioni moja, yaani milioni kumi kila moja, za kupelekwa mitaa ya mabanda watu wapate huduma karibu. Hizo kontena zilikuwa wapi? Miritini. Hapa Mombasa, uwanja wa NYS, ile huduma ya vijana kwa taifa, zimepangwa. Zikakaa miaka, jua la pwani na chumvi ya pwani, zikapata kutu, na hapo Jomvu na Changamwe kina mama wapanda tuktuk usiku kutafuta hospitali. Ukaguzi ulifanya kazi yake, ulisema. Kilichokosekana ni baada ya kusema. Nafikiria kama watu wa Miritini wangesomewa ile ripoti kwa Kiswahili wiki ileile, wajue kuwa zile kontena wanazopita nazo kwenda stesheni ni kliniki zilizolipiwa, hivi kweli wangezipita tu miaka yote?

Na ile ya mashine za kukodi. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodi mashine za hospitali, thieta, za figo, za eksirei, ICU, zipelekwe hospitali 98 nchi nzima, mbili kila kaunti na nne za kitaifa. Wazo lenyewe zuri, sitalisema vibaya, kuna watu wamesafishwa figo kwa sababu ya mashine zile ambao zamani wangesafiri mpaka Nairobi. Lakini kila kaunti ilikatwa pesa, ikaanza milioni 95 kwa mwaka ikapanda mpaka milioni 200, na kaunti zenyewe zasema mikataba hazikuonyeshwa vizuri, na kuna mahali mashine ilifika hospitali haina chumba cha kuiweka, au haina maji, au haina mtu wa kuiendesha. Kamati maalum ya Seneti iliyoongozwa na Fatuma Dullo ikatoa ripoti 2020, ikatumia maneno makali sana, ikasema mpango mzima ulikuwa wa kihalifu. Miaka mitano baadaye. Miaka mitano kaunti zimekatwa tu. Mwaka huohuo wa 2020 ikaja ya KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, na vifaa vya korona, ukaguzi maalum, bilioni 7.8, bei za juu kuliko sokoni, bidhaa zikajaa ghalani hazina mnunuzi, na madaktari wetu walikuwa waandamana hawana vifaa vya kujikinga. Ukisoma hizi ripoti kwa kufuatana waona ukweli haujawahi kukosekana. Hufika umechelewa, na hufika kwa watu wachache.

Hii ya SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ndo iko mezani sasa hivi kwa hivyo niiseme. NHIF, ile bima ya zamani, ilikuwa nasi tangu 1966, ikaondolewa, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza, mwenye mshahara akatwa asilimia 2.75, asiye na mshahara aulizwa maswali kuhusu nyumba yake na mali yake alafu mfumo wampigia hesabu, chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi na walipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Muuza mahamri wa Likoni alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo! Baadaye wakaleta mpango wa kulipa pole pole, ni afadhali. Sasa mwezi wa tatu 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikatoka ikasema mfumo wa kompyuta wa SHA, wa shilingi bilioni 104.8, serikali yenyewe haiumiliki, na haukununuliwa kwa ushindani. Mfumo ambao ndani yake muna ugonjwa wangu na wako. Kwenye vyombo vya habari ikasemwa siku mbili tatu. Hapa mtaani nimeuliza watu, wengi walisikia neno "ufisadi" tu basi, hakuna aliyeambiwa kwamba jambo lenyewe ni nani anamiliki rekodi zake na nani atakuwa anakata kiasi kwenye kila malipo miaka ijayo. Hilo mtu wa kawaida hulielewa vizuri sana ukimwambia kwa lugha yake. Wala si gumu.

Na upande wa ustawi wa jamii ni kimya zaidi, huko ndo hakuna kabisa anayesoma. Inua Jamii, ile pesa ya wazee, ya mayatima, ya walemavu wasiojiweza. Ya mayatima ilianza 2004, ya wazee ikafuata, na 2018 ikafunguliwa kwa kila aliyefika miaka 70 asiye na pensheni. Ni shilingi elfu mbili kwa mwezi na imekuwa elfu mbili zaidi ya miaka kumi, na ilikuwa ikija mara moja kwa miezi miwili, elfu nne, ikija. Nyanyangu yuko kwenye orodha. Nilimpeleka kwa ajenti wa benki kuchukua, tukakuta wazee wameshapanga foleni kivulini, wengine kwenye viti walivyokuja navyo nyumbani. Ile mashine yataka alama ya kidole. Nyanyangu amesuka makuti maisha yake yote, kukuna nazi, kufua, vidole vimelainika, havina alama tena. Yule kijana akamfuta kidole kwa kitambaa, akajaribu cha shahada, cha kati, akahamia mkono wa kushoto, akampaka maji, akamfuta tena, kila mara mashine yalia ile sauti yake ya kukataa. Nyanya akamuuliza kwa upole kabisa, "Mjukuu wangu, mimi si ndiye?" Kijana maskini akaona haya, akasema ndiye wewe nyanya ila mashine haitaki. Tukarudi siku nyingine. Siku hizi imehamishiwa kwa simu kwa wengi, nayo ina mambo yake, mzee hana simu, laini ni ya mjukuu, mjukuu yuko Malindi.

Sasa niambie, ukaguzi wa serikali ukifanywa kwenye hesabu za idara ile, nyanyangu atakuwa wapi? Atakuwa kwenye safu ya waliolipwa, manake pesa ilitoka hazina ikaingia benki. Kwenye vitabu imelipwa. Kidole hakimo. Na Katiba kifungu cha 57 imemtaja mzee waziwazi, apate matunzo na msaada wa familia yake na wa serikali. Sisi familia tunafanya yetu. Ndo maana nasema kukagua pesa ilitoka haitoshi, mtu afuate mpaka mkononi. Afisa mmoja asimame pale kivulini siku ya malipo, aandike wangapi walikuja na wangapi walirudi mikono mitupu na kwa nini. Hiyo haihitaji mshauri kutoka Nairobi, yahitaji daftari na kiti.

Na msifikiri hili naota. Mombasa tushafanya. Mwaka 2007 watu wa MUHURI, shirika letu la haki za binadamu la hapa hapa, walifanya ukaguzi wa kijamii wa pesa za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya eneo bunge, huko Changamwe. Walipata nyaraka za miradi, wakawafunza wakaazi kuzisoma, watu wa kawaida kabisa, kina mama, vijana, wakaenda na karatasi mkononi mpaka kwenye jengo lenyewe, wapime, waulize, hii yasema imekamilika mbona haina paa. Kisha wakaleta yote kwenye mkutano wa hadhara. Walijifunza mbinu hiyo kwa wanakijiji wa India waliokuwa washaifanya miaka kwao. Hivyo ndivyo ripoti inavyosomwa. Na wakati huo hakukuwa hata na Katiba hii ya sasa, hakukuwa na sheria ya kupata habari. Sisi leo tunayo, ya 2016, waandika barua kwa ofisi ya umma waomba nakala ya kitu, ndani ya siku 21 wajibiwe, na kama ni jambo la uhai wa mtu ni saa 48. Wakikunyima kuna ofisi ya Ombudsman, ile tume ya haki ya utawala, wapelekea malalamiko. Barua hailipiwi. Naomba watu waizoee kama tulivyozoea kupiga simu redioni kulalamika.

Kwa hivyo hapa kwetu tumeanza, tuko wachache, mimi, mamkubwa, mwalimu mmoja wa madrasa ambaye hati yake nzuri, na kijana mmoja wa bodaboda mwenye kuuliza maswali mpaka uchoke. Twachukua ripoti ya hospitali yetu ya levo 4, lile jedwali tu kwanza, twaligeuza Kiswahili, twaandika kwa maka kwenye karatasi kubwa. Chifu tushamuomba nafasi kwenye baraza, hakukataa, alisema tu tusilete siasa, na hatuleti, ni nambari za serikali yenyewe. Imamu amesema baada ya Ijumaa twaweza kusimama nje tuwasomee watu wakitoka, na kanisa la pale juu nao wameitikia. Mamkubwa ndiye atakayesoma sehemu ya manesi, amesema hiyo hampi mtu mwingine.

Na kuna tarehe za kuwahi, ziwekeni kichwani. Kaunti lazima ipeleke mpango wake wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na kabla ya bajeti kupitishwa lazima umma usikizwe. Huwa wanatangaza gazetini na kwenye mtandao, siku chache tu kabla, ukumbi waenda wakuta watu wa kukodi wamejaa wangoja soda. Safari hii twende sisi. Usiende kusema afya ni mbaya, wataandika kwenye daftari "wakaazi walilalamikia huduma" na imeisha. Nenda na ukurasa. Sisi maswali yetu ya mwanzo tushayaandika na mwalimu ameyanakili vizuri. La kwanza: muongozo wa wizara wataka inkubeta tano kwenye hospitali yetu, ripoti ya Mkaguzi Mkuu imeandika ziko ngapi, je kwenye bajeti hii mwaongeza ngapi na zitafika mwezi gani? La pili ni la mamkubwa, na amekataa tulipunguze hata neno: usiku wodi ya uzazi itakuwa na manesi wangapi, na majina yao yatabandikwa mlangoni au la?